Mwano Nisiousikia

Mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba masikio yangu yanakufa alinijibu kwa kupiga kelele. Tulikuwa tumekaa nje ya kinu cha kuchambua pamba huko Maswa, tunakula mihogo, yeye mpakiaji wa marobota kama mimi. Nilikuwa nimemwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema ana jino bovu. Akasogeza mdomo mpaka shavuni kwangu, akanguruma, "UNASEMA HUSIKII?" Uwanja mzima ukageuka. Watu waliokuwa mbali kabisa, kwenye mizani, wakapata habari yangu kabla sijamaliza muhogo. Jioni ile nilikuwa na jina jipya. Sitaliandika, kwa sababu waliolitunga hawastahili kusomwa.

Nayasema haya mapema ili msomaji asianze kunionea huruma. Huruma nimepata ya kutosha, na karibu yote ilikuja na mate shavuni.

Msimamizi naye alipopata habari aliniondoa kwenye mashine akanipa ufagio. Alisema kiziwi ataingiza mkono. Mashine ile ndiyo iliyonila masikio, msimu baada ya msimu, mimi nimesimama kando yake nikijivunia kuwa nimeizoea. Ikishamla mtu, anaambiwa hafai kukaa nayo karibu. Nilifagia mbegu siku chache, nikaondoka. Kuondoka ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita, kule Kimali nilikozaliwa, kwa sababu lori la pamba lilisimama barabarani na dereva hakukataa nipande. Nilitaka kuona pamba inakwenda wapi. Sijawahi kuwa na sababu nzuri kuliko hiyo ya kwenda popote.

Mtu wa pili alikuwa mwanamke niliyeishi naye Lamadi, mchuuzi wa dagaa. Yeye hakupiga kelele. Alilia. Alilia kama mtu aliyeletewa msiba, akajifunga kanga, akaenda kuwaambia ndugu zake, nao wakaja kuniangalia. Walikaa mstari mmoja kwenye mkeka wakinitazama midomo wazi, na mimi nikawatazama, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa walishaamua kwamba maneno hayana maana tena. Jumapili iliyofuata nikapelekwa kwa nabii. Nabii alinishika kichwa kama mtu anayepima tikiti, akaweka kipaza sauti kati ya mdomo wake na sikio langu, akasema, "Sikia!" Nilisikia. Spika zake zilikuwa kubwa kama kabati. Hata waliozikwa pale jirani walisikia. Nikaruka. Watu wakashangilia, akina mama wakaanguka, na mimi nikawa ushuhuda bila kuulizwa.

Kesho yake mwanamke yule aliniita kutoka jikoni. Sikwenda. Akaja mlangoni na mwiko mkononi akaniambia imani yangu ni ndogo. Nikamwambia imani haina shida, shida ni kwamba nabii hakumpa na yeye spika za jikoni. Hatukumaliza mwezi.

Mtu wa tatu alikuwa daktari wa masikio aliyekuja mjini kwa muda, na huyo sina ugomvi naye. Aliniingiza kwenye chumba kidogo, akanivisha vitu masikioni, akaniambia niinue mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa na mkono mapajani nikidhani mashine haijawashwa. Baadaye alinieleza jambo ambalo tangu hapo nimelieleza kwa watu wengi wasiotaka kulijua: masikio yangu hayajafa yote. Sauti nene zimebaki. Radi naisikia, lori nalisikia, ngoma, ng'ombe dume, mwanaume anayeongea kutoka kifuani. Zilizokwenda ni nyembamba: ndege, nyenje, simu inayoita, watoto, wanawake wakiwa mbali. Na hata hizo nene zinanifikia kama mtu anayeongea ndani ya gunia, kwa hiyo lazima niutazame mdomo ili nipate maneno.

Alinipa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilinifanya nisikie majogoo kama mabati yanayokatwa. Nilikivaa majuma mawili matatu, kisha hamu ya kujua kilichomo ndani ikanizidi, nikakifungua kwa kisu. Kina vitu vizuri sana. Havirudi mahali pake.

Baada ya hapo niliamua: simwambii mtu tena. Niliamua hivyo nikiwa na akili timamu, na hadi leo nadhani ulikuwa uamuzi wa mtu anayewajua binadamu. Ukimwambia mtu huoni, anakushika mkono. Ukimwambia huna mguu, anakupa kiti. Ukimwambia husikii, anakuona mjinga. Anaanza kukuongelesha kama mtoto, au anaongea na mtu aliye karibu yako: "Huyu anakula ugali?" Mimi niko pale, nina mdomo, nina sahani.

Nilihamia kijiji kimoja mbele ya Bariadi, mbali kidogo na lami, nikaanza kufyatua matofali bondeni. Nilichagua matofali kwa sababu tofali halimwiti mtu. Nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwembamba, mwenye mbuzi wengi na subira kidogo. Hapo nikaanza maisha ya mtu anayesikia.

Si kazi ngumu kama mnavyodhani. Wengi wenu hamsikilizani, kwa hiyo asiyesikia hana cha kumfanya ajulikane. Kwanza, uwe msemaji. Anayeongea sana haulizwi kama amesikia. Nilisimulia habari za Maswa, za ziwa, za minada yote niliyozunguka, na watu wakasema, "Yule mgeni ana maneno." Pili, tazama mabega. Mabega yakianza kutikisika, cheka. Tatu, simu iwe mbovu siku zote. Niliwaambia spika ya simu yangu imekufa, waniandikie ujumbe. Kila mtu kijijini alinielekeza kwa fundi wake. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye maneno mengi hivyo hatengenezi spika.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni salamu zetu. Msukuma akikutana na mwenzake hana haraka. "Mwangaluka." "Mwangaluka." "Mhola?" "Mhola." Nyumbani je, wazima. Watoto je, wazima. Ng'ombe je, wazima. Kila swali lina mahali pake na kila jibu lina mahali pake, na hata dunia ikiwaka moto watu watamaliza salamu ndipo watafute maji. Kwa mtu kama mimi hii ni zawadi. Ningeweza kuvuka kijiji kizima asubuhi nikisalimiana na wazee kumi bila kusikia hata mmoja, na wote wakaniona kijana mwenye adabu. Wazee wasio na meno ndio walionitisha, kwa kuwa midomo yao haisomeki, lakini hata wao walifuata mpangilio ule ule. Nilikuwa nawasikia kwa kukumbuka.

Kuna kitu kimoja sikukipatia dawa. Watu hudhani kiziwi anakosa muziki. Mimi muziki nauweka mgongoni kwenye spika ya baa na unaniingia kwenye mifupa. Nilichokosa ni maneno yasiyonihusu. Nusu ya elimu yangu niliiokota humo: wanaume wawili nyuma yangu kwenye lori wakigombana kuhusu ndoa ya mtu, mama akimsuta jirani kisimani, madalali wakinong'ona mnadani. Nilikuwa nakaa tu na dunia inanifundisha bila kujua. Sasa nikawa napata yale tu ninayoambiwa uso kwa uso, na yale mtu anayokuambia uso kwa uso, mara nyingi, hayana faida.

Na kuna kitu kingine ambacho sikukifikiria kabisa. Huo ni mwano.

Mgeni wa huku inabidi aelezwe. Mwano ni yowe. Ng'ombe wakiibiwa, au mtu akivamiwa, anayeona kwanza anapiga yowe la mwano, na anayelisikia analipokea na kulipiga, na wa boma linalofuata vivyo hivyo, mpaka eneo lote linajua. Wanawake ndio hasa wanaolipeleka mbali, kwa sauti ile kali nyembamba inayokwenda juu. Ukisikia mwano hukai. Ukiwa unakula unaacha, ukiwa unanyoa unakimbia na nusu ya ndevu. Kila mwanaume mwenye miguu anachukua fimbo na kufuata. Asiyetoka atajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na kama hana maelezo anapigwa mchenya, yaani faini ya kimila. Mara nyingi ni mbuzi, anachinjwa na wanamla waliotoka. Hiyo ni kwa mvivu. Lakini kwa mgeni asiye na ukoo pale, aliyekuwapo, mzima, na hakutoka siku ng'ombe walipochukuliwa, hapo watu hawafikirii tena uvivu.

Ng'ombe walichukuliwa alasiri moja ya kiangazi, malishoni, karibu kabisa na bonde langu. Nilikuwa ndani ya shimo la udongo, nakanyaga. Hapo juu yangu, kama nilivyoambiwa baadaye, wanawake walipiga mwano kutoka pande tatu, na wanaume walipita kwenye ukingo wa bonde wakikimbia. Mimi niliinua kichwa mara moja nikaona vumbi. Nikafikiri ni upepo. Nikaendelea kukanyaga udongo, na, Mungu anisamehe, nilikuwa naimba.

Mwanamke mmoja aliniona. Alisimama ukingoni na kunitazama mimi na udongo wangu na wimbo wangu, kisha akaenda zake. Ng'ombe walirudishwa jioni ile, wote isipokuwa ndama mmoja. Wezi hawakupatikana. Ukitafuta wezi ukawakosa, unamtafuta aliyewasaidia, na wa karibu zaidi nilikuwa mimi.

Niligundua nilipopanda kutoka bondeni. Nikamsalimia mzee mmoja: "Mwadila." Mzee alinitazama akapita. Mahali ambapo watu husalimiana mpaka wachoke, mzee alipita. Nilijua kuna kitu kimevunjika.

Bibi mwenye nyumba alikuwa anafunga mbuzi wake. Alingoja nimwangalie, ndipo akasema, "Umeitwa. Kesho asubuhi, gulioni."

"Kwa nini, mayu?" Hivyo ndivyo nilivyomwita, mama.

"Mwano umepigwa, wewe unaimba."

Nikakaa chini palepale, kwenye mavi ya mbuzi. Niliwaza haraka, na wazo la kwanza lilikuwa lile la siku zote: kuhama. Begi langu ni dogo. Lakini mgeni anayetoweka siku moja baada ya ng'ombe kuibiwa hatafutwi kwa barua. Wangenipata kabla sijafika Bariadi, na wasingeniuliza kwa salamu. Wazo la pili lilikuwa kulipa. Ninunue mbuzi, niseme nilikuwa mvivu, niseme nilidharau, nibaki na siri yangu. Bora niitwe mwenye kiburi. Kiburi ni kasoro ya watu wazima.

"Nitatoa mbuzi," nikamwambia. "Nitasema niliusikia nikapuuza."

Bibi alicheka. Ana kicheko kifupi, kama mtu anayetema ganda. "Ukisema uliusikia ukapuuza, umesema uliwajua wezi. Bebe, wewe, hilo si kosa la mbuzi. Watakutenga. Hakuna atakayekupa moto wala maji wala neno. Hakuna atakayekusemesha mpaka uondoke mwenyewe."

Nilikaribia kucheka na mimi. Adhabu ya kutosemeshwa, kwangu mimi! Ingekuwa likizo. Lakini nilipomtazama usoni nikaona hakuna anachotania, na nikakumbuka uso wa yule mzee aliyepita, na kicheko changu kikaisha.

"Basi waambie ukweli," akasema.

"Ukweli gani?"

"Kwamba husikii, ng'wanawane, mwanangu."

Yeye akaendelea kufunga mbuzi. Kisha akanigeukia tena ili nimwone mdomo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba siku zote alikuwa ananigeukia. Siku zote. Sikuwahi kumwona akiniambia kitu akiwa amenipa mgongo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipohamia. Nilikuita kutoka nyuma ya nyumba, mbuzi wakaja, wewe hukuja."

"Mbona hukusema?"

"Masikio ni ya nani?"

Huyo ndiye mtu pekee katika habari hii ambaye sijapata neno la kumdharau, na nimetafuta.

Asubuhi nikaenda gulioni. Ni uwanja wa kununulia pamba, na nje ya msimu hauna kitu ila ghala lililofungwa na kivuli chake. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye kivuli, fimbo mapajani. Wanawake walikaa upande wa pili, bibi yangu akiwa mwisho wao. Mtemi wa sungusungu ni mtu mzito, mpole, mwenye sauti ya kifuani, ambayo naipata vizuri. Kamanda wake ni kijana wa bodaboda, mdomo haukai, na anapoongea hutazama watu wote isipokuwa unayehusika.

Mtemi akaniuliza kwa nini sikutoka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka niseme kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, kwa adabu, kwa mpangilio. Badala yake nikasema, "Mimi ni kiziwi," na sauti yangu ikatoka kubwa, kama yule mpakiaji wa marobota.

Kisha mabega yakaanza kutikisika, uwanja mzima. Safari hii sikucheka.

"Kiziwi!" Kamanda akasimama. Huyo nilimsoma bila shida, maana alipanua mdomo kama anayehubiri. "Kiziwi gani anayecheka kabla mzaha haujaisha? Huyu kakaa baa na sisi mwaka mzima. Tunamuuliza anajibu. Tunamsalimia anajibu. Ng'ombe wakiibiwa ndiyo masikio yanaziba? Na mimi leo nina upofu, nani ataendesha pikipiki yangu?"

Watu wakafurahi sana. Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna daktari angenifundisha: ujuzi wangu wote wa mwaka mzima ulikuwa ushahidi dhidi yangu. Nilikuwa nimejificha vizuri mno. Mjinga asiyejua kujificha angeaminiwa palepale.

"Apimwe," mtu mmoja akasema, na wazo likapendwa. Hakuna kitu wanaume wasio na kazi wanachokipenda kama kupima.

Wakanigeuza nitazame ukuta wa ghala. Nikasimama. Nyuma yangu yalipita mambo niliyoyajua baadaye kwa kusimuliwa: mmoja aliniita jina, mwingine akamtukana mama yangu, wa tatu akasema suruali yangu inawaka moto. Sikugeuka. Je, wakaamini? Hapana. Kamanda alisema nimejikaza. Tafakari upimaji wa namna hiyo, ambao mtu akigeuka ni mwongo, na asipogeuka ni mwongo shupavu. Na waliouandaa walikuwa watu wazima, wenye watoto shuleni.

Kisha kijana mmoja akapiga debe tupu kwa rungu. Hilo nikalipata, kifuani na miguuni, nikageuka.

Wanasema kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Kamanda alikuwa anarukaruka. "Anasikia! Anasikia debe! Basi na mwano kausikia!"

Nikajaribu kuwaeleza. Nikasema sauti nene zimebaki, nyembamba zimekwenda. Nikasema debe ni kama radi, lakini yowe la mwanamke ni kama ndege. Nikasema habari za chumba kidogo na vitu vya masikioni. Walinitazama kama walivyomtazama mwalimu mmoja aliyekuja kuwaambia mbu ndiye anayeleta malaria peke yake, bila msaada wa mtu. "Sikio linachagua?" mmoja akauliza. "Linasikia debe linakataa wanawake? Basi mimi nalitaka." Mabega tena.

Nikakasirika. Nikamgeukia mtemi, nikamwambia, "Baba, nipimeni kwa kitu chenyewe. Nigeuzeni ukutani, mwanamke apige mwano nyuma yangu. Mtaona."

Mabega yakatulia. Hata kamanda alikaa. Mtemi alitikisa kichwa pole pole.

"Mwano hauchezewi," akasema. "Ukipigwa hapa, utapokewa kule, na kule. Watu wataacha kazi waje na marungu. Anayepiga mwano wa uongo anapigwa mchenya yeye. Hilo unalijua, wewe ni mtoto wa huku."

Nalijua. Nililisahau kwa hasira. Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: kitu pekee ambacho kingeweza kunitoa kwenye aibu ile kilikuwa ndicho kitu pekee kisichoruhusiwa kufanywa. Wangeweza kunipima kwa matusi, kwa debe, kwa suruali yangu, lakini si kwa mwano. Mtemi akaniambia nigeuke tena ukutani wazee washauriane, nisisome midomo yao. Angalau yeye alishaanza kuamini kwamba nasoma. Nikageuka.

Ukuta wa ghala lile una nyufa. Nilizitazama. Nilianza kupanga begi langu kichwani, kitu kwa kitu, na jinsi nitakavyoacha tanuru langu ambalo halijachomwa. Sijui nilisimama kiasi gani. Kisha nikahisi ardhi inatikisika kidogo, kama ng'ombe wanapita, na kivuli cha mtu kikapita ukutani mbio, na kingine. Nilifikiri wamemaliza shauri na sasa wananijia. Nikafumba macho.

Hakuna aliyenigusa. Nikafumbua, nikageuka bila ruhusa.

Uwanja ulikuwa nusu mtupu. Wanaume walikuwa wamesimama, fimbo mkononi, wengine wameshafika barabarani. Kutoka upande wa mashamba watu walikuwa wanakuja mbio, mmoja kifua wazi na sabuni kichwani. Wanawake wote walikuwa wamekamata vinywa. Na mwisho wao, peke yake, bibi yangu amesimama, shingo imevimba mishipa, mdomo bado wazi, anamalizia.

Alikuwa amepiga mwano.

Akafunga mdomo. Akarekebisha kanga. Akawanyooshea kidole wanaume wote pale, mmoja mmoja, halafu akaninyooshea mimi, nikiwa nimesimama karibu na ukuta nikipepesa macho kama mbuzi aliyeamshwa.

"Nyote mmeruka," akasema. "Hata wewe, mtemi, umeruka. Huyu alikuwa anahesabu nyufa."

Mtu wa sabuni akafika akihema. "Wako wapi? Wezi wako wapi?" Wakaja wengine, wa kitongoji kingine, wakiwa na jasho na hasira, wakaambiwa, wakakasirika zaidi, kisha mmoja akaanza kucheka, na hapo ikabidi kila mtu asimuliwe upya, na kila msimulizi akaonyesha nilivyosimama. Niligeuzwa maonyesho. Nilivumilia. Kamanda peke yake hakucheka. Alikuwa amekimbia mbali kuliko wote na alirudi wa mwisho.

Mtemi alingoja watulie. Akasema mgeni hana kosa la mwano. Kisha akamgeukia bibi, na nikaona mdomo wake unasita, lakini akasema: mwano wa uongo ni mwano wa uongo. Mbuzi mmoja.

"Nilijua," bibi akasema. "Nimewalisha ninyi mbuzi kwa upumbavu wenu miaka yote. Mmoja kwa akili hataniua."

Mbuzi nilimtoa mimi. Nilimnunua kwa mtu mwingine, maana mbuzi wa bibi wote nawajua kwa sura. Akachinjwa jioni ile pale gulioni. Wakala wote waliotaka kunitenga, wakala kwa hamu, wakinisogezea ini huku wananguruma masikioni mwangu, "KULA!" kama nabii. Nilikula. Ini lilikuwa zuri.

Tangu siku ile wote wanajua, na nimepata yote niliyoyaogopa. Wananipigia kelele. Wananiongelesha polepole, kama wanafundisha kasuku. Kila mtu ana shangazi mwenye dawa ya mafuta ya kitu fulani. Wengine humuuliza bibi mambo yangu mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, naye huwajibu, "Muulizeni, ana mdomo kuliko ninyi." Sikubadilika nikawapenda. Lakini nimebadilisha namna ya kusema. Sisemi tena "mimi ni kiziwi", maana neno hilo ni kubwa mno, linawapa watu nafasi ya kuweka humo ujinga wao wote. Nasema: "Ongea nikikuona mdomo. Sauti nyembamba sizipati. Nikikupa mgongo na una shida, nirushie bonge la udongo." Hilo la mwisho wanalielewa. Mtu ukimpa kazi ya mikono, anaacha kukuhurumia.

Mtemi alilifanya kuwa agizo: mwano ukipigwa, aliye karibu na bonde anirushie.

Ulipigwa tena mwanzoni mwa masika. Nilikuwa nimeinama, napanga matofali kwenye tanuru jipya. Bonge lilinipiga katikati ya mgongo, kavu, la ukubwa wa boga, kubwa mno kuliko ilivyohitajika. Niligeuka. Juu ya ukingo alikuwa kamanda kwenye pikipiki yake, ameshachukua la pili, na alikuwa anafurahi waziwazi.

Nilimtukana kwa Kisukuma, kwa sauti yangu nene. Nikaokota fimbo, nikapanda nyuma yake, tukaenda.